Mlinzi wa Viatu

Mlangoni wamechora twiga,
shingo yake imekatwakatwa kwa mistari na namba,
na kijana mwenye fulana ya kijani ananisimamisha hapo:
kisigino ukutani, usijinyooshe.
Najinyoosha! Nani ajinyooshe?
Nakunja magoti ndani ya sketi. Anaona.
"Huyu amezidi," anamwambia baba,
kama karani wa mizani anavyosema juu ya gunia.

Vidole viwili.
Likizo ya Pasaka ningepita.

Baba anauliza bei mara ya pili, labda imeshuka.
Elfu kumi kila mtoto kwa saa, mlezi mmoja bure,
soksi elfu mbili.
"Soksi?"
"Za kunata, mzee. Bila soksi haingii mtu."
Mama anabana pochi kwapani,
ndani mna chapati sita zilizofungwa kwa gazeti
na ukutani pameandikwa, kwa herufi nyekundu,
kwamba chakula cha nje ni marufuku.

"Mlezi ni nani?"
Bibi akanyoosha mkono juu
kama yuko kwenye mkutano wa kijiji, Bahi,
na hoja ni yake.

Basi mimi nikabaki kwenye benchi na viatu.
Vya Chilewa vina taa kisiginoni, moja imekufa.
Vya Mbeleje vimevaliwa kushoto kulia tangu Nkuhungu.
Makubazi ya bibi ni ya tairi,
yamekuja na vumbi lake mpaka humu ndani
ambamo hamna upepo,
ambamo Agosti haijafika,
taa za zambarau na baridi ya mashine tu,
na mtoto wa mtu analia juu ya bembea
kwa sababu zamu imekwisha.

Nilimwona bibi akipita sakafu ya sponji
ananyanyua mguu, anautua,
anavyovuka jaruba la mpunga.
Akafika kwenye bwawa la mipira.
Akakaa ukingoni, akapanga kanga magotini,
akajiachia.

Mipira ikampokea mpaka kiunoni,
mpaka kifuani,
mpaka kilemba.
"Idodomya!" akapiga kelele, kwa Kigogo, kwa furaha au kwa hofu,
na nusu ya ukumbi ikageuka.
Kisa hicho tulikiandika darasa la tatu, mstari mmoja, maksi mbili:
tembo alikwenda kunywa maji, tope likamshika,
akadidimia, na mji ukapata jina.
Hakuna aliyetuambia kama alikuwa na wajukuu.

Kijana wa kijani akavuta mkono. Bibi hakutoka.
Wakaja wawili. Mama akasimama, chapati zikanusurika.
"Niacheni," bibi akasema, "mtanitegua bega.
Niitieni yule mrefu.
Yule mliyesema amezidi."

Kijana akanitazama miguu mitupu.
Akatazama pembeni.

Nikaingia.
Hamna chini mle. Unakanyaga, panakimbia,
unakanyaga tena, mipira inacheka chini ya nyayo,
baridi, myepesi, ya njano, ya buluu,
na Chilewa ananirushia mmoja sikioni.
Nikamfikia bibi, nikamshika kwapa zote mbili,
nikajiandaa.

"Usinivute," akanong'ona.
"Bibi?"
"Sijakwama. Kaa kidogo."

Ng'ambo ya wavu baba alikuwa amesimama
amekumbatia jozi nne za viatu, na vyangu vimo,
anatutangazia dakika: kumi na mbili, kumi na moja,
kwa sauti ya mtu aliyelipa.
Tulizama hadi shingoni, mimi na yeye,
tukaacha vichwa tu,
viwili, kama viboko.

Jioni kwenye bajaji, mchanga wa barabarani ukitupiga usoni,
bibi alivua kubazi akakuna mguu.
Soksi moja.
Nyingine imebaki kule chini.
Baba ameitaja kila siku wiki nzima: elfu moja, anasema,
maana mguu mmoja ni nusu bei.